Seli B Yenye Alama ya Seli T

Limfoma ni saratani ya seli nyeupe za damu zinazokaa katika tezi za limfu, na jina lake kamili hutegemea protini zinazobebwa na seli zenyewe. CD20 hutambulisha seli B, zinazotengeneza kingamwili, ilhali CD3 hutambulisha seli T, zinazoshambulia seli zilizoambukizwa. Maabara huhifadhi kipande cha tezi katika nta, hukikata utando mwembamba sana, kisha hukipaka kingamwili zinazoacha rangi ya kahawia pale zinapoikuta protini husika.

Ugumu wa kuipa limfoma jina sahihi huzidi pale kirusi cha Epstein-Barr kinapohusika. Kirusi hicho kiligunduliwa mwaka 1964 na Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, ndani ya uvimbe uliotumwa London kutoka Uganda, ambako Denis Burkitt alikuwa ameeleza saratani ya taya za watoto mwaka 1958. Watu wazima wengi mno duniani wanacho bila kuugua, lakini kinga inapodhoofika kwa umri kinaweza kuchangia limfoma ya seli B, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiorodhesha mwaka 2008 kama ugonjwa wa waliozidi miaka 50, kabla ya kuliondoa sharti la umri mwaka 2016 kwa kuwa vijana nao waliupata.

Katika visa vichache vya limfoma hiyo, seli B huonyesha CD3, na huenda CD20 ikafifia au isionekane kabisa. Anayetazama CD3 peke yake ataiita saratani ya seli T, kosa zito, maana dawa ya rituximab hulenga CD20, na mgonjwa anayeistahili anaweza kuikosa. Hivyo PAX5 na CD79a, alama nyingine za seli B, hupimwa pamoja na EBER, kipimo kinachoonyesha chembechembe za RNA za kirusi ndani ya seli.

Kwa mzee wa Igembe, Imenti, Runyenjes au Siakago, mtoki wa shingoni hudhaniwa kwa urahisi kuwa kifua kikuu cha tezi, nao ugonjwa huo kweli ni wa kawaida nchini Kenya. Dhana hiyo haitoshi. Uvimbe usiopungua kwa wiki kadhaa, hasa ukiandamana na homa, jasho la usiku na kukonda, unahitaji kipande cha tezi kichukuliwe, na familia iulize kama alama za seli B na kirusi zimepimwa kabla matibabu hayajaanza.