Nyumba ya Bei Nafuu kwa Waliohamishwa na Mto Tana

Mto Tana waweza kufurika Garissa siku ambayo jua linawaka na mbinguni hakuna hata wingu. Maji yake hutoka mbali, Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, nayo huchukua siku kadhaa kabla ya kutufikia. Bwawa la Masinga, lililomalizika mwaka 1981, ndilo kubwa kuliko mabwawa yote ya umeme ya mto huu. Likijaa, maji ya ziada hushuka mpaka Kiambere na kuendelea. Mabwawa hayo yalijengwa kwa ajili ya umeme kwanza, kwa hiyo mkulima asidhani kwamba yatamkinga daima.

Wazee wanayakumbuka mafuriko ya mwaka 1961, na wengi wetu tuliyaona ya 1997 na ya 2018. Kisha yakaja mawili karibu karibu: ya Novemba 2023, na ya Aprili na Mei 2024, wakati barabara ya Nairobi ilipokatwa hapo Madogo na watu wakavushwa kwa mashua. Jamaa waliokuwa wamekwisha kukandika kuta zao mara moja waliziona zikianguka tena kabla ya mwaka kwisha. Hao ndio tunaowaandikia leo, maana wengi wao waliokaa katika mahema wamerudi pale pale ukingoni, na sababu yao twaijua: migomba, miembe, vitunguu na mashine ya kuvuta maji viko mtoni. Mtu hawezi kulima Korakora na kuishi Dadaab.

Wengi wanaposikia juu ya nyumba ya gharama ndogo huuliza kwanza bei ya mabati. Sisi twasema waulize kwanza kiwanja. Nyumba ya shilingi chache iliyojengwa penye njia ya maji ni ghali kuliko ya mawe, kwa kuwa utaijenga mara tatu. Alama za maji ya 2023 na 2024 bado zaonekana mahali pengi, katika magome ya miti na kuta za maduka. Zipime kwa kamba. Waulize na wazee maji ya 1961 na ya 1997 yalikoma wapi, kisha chagua mahali palipo juu kuliko alama zote hizo. Jihadhari na laga pia. Laga kavu ya miaka mitano ni laga bado.

Hapa ndipo penye shida yenyewe. Sehemu kubwa ya ardhi ya juu katika Kaunti ya Garissa ni ya jamii, na aliyehamishwa na maji huambiwa akae hapo “kwa muda.” Mtu wa muda hanunui simiti. Atasimamisha fito na karatasi za plastiki, akingojea kufukuzwa. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inaruhusu jamii kujiandikisha na kuchagua kamati ya watu 7 hadi 15 ya kusimamia ardhi yao. Kamati ya namna hiyo ikikaa na wakulima wa mtoni na kuwagawia viwanja kwa maandishi, kila kimoja na jina la mwenyewe, la mume na la mke, kazi ya ujenzi itakuwa imekwisha nusu. Wakulima wasingoje maji mengine ndipo waombe. Wakati wa kuomba ni sasa, wakati hakuna anayegombania mahali pa kulala.

Wenzetu wa Bura wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Mpango ule, uliosaidiwa na mkopo wa Benki ya Dunia, ulipokea wakulima wake wa kwanza mwaka 1981, na vijiji vilipangwa pamoja na mashamba. Ulikusudiwa kuwa wa hekta 6,700, lakini gharama ilipanda mno hata zikalimwa hekta 2,500 hivi tu. Nyumba inayoletwa tayari, pamoja na kila kitu kingine kinacholetwa tayari, huwa nzito kwa mwenye kulipa. Heri kiwanja cha hakika na nyumba ambayo mkulima anaijenga mwenyewe kidogo kidogo.

Sasa tuje kwenye ukuta. Kuna mashine ya mkono ya kushindilia matofali ya udongo na simiti kidogo, yasiyochomwa kwa kuni. Mashine ya namna hii ilibuniwa na mhandisi Raúl Ramírez huko Bogotá, Colombia, katika miaka ya 1950, na siku hizi zinatengenezwa Kenya pia. Matofali haya yamejengea nyumba hata katika kambi ya Ifo, Dadaab, kwa hiyo mtu asiseme kwamba udongo wa kwetu haufai.

Udongo haufanani lakini, na hapana budi kuupima. Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, futi moja hivi. Tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa futi 2, upana wa inchi 1½ na kina cha inchi 1½. Kipake mafuta ndani, ujaze udongo uliolowa, kisha ukiache kikauke kabisa. Udongo ukijikunja usizidi nusu inchi, changanya debe 1 la simiti na madebe 18 ya udongo. Ukijikunja kati ya nusu inchi na inchi 1, madebe 16. Ukifika inchi 1½, madebe 14, na ukifika inchi 2, madebe 12. Udongo mweusi wa mfinyanzi hujikunja sana na utakula simiti yako yote. Uchanganye na mchanga wa laga, upime tena.

Mfuko wa kilo 50 hutoa matofali 80 mpaka 100 hivi. Tuseme nyumba yako ni ya futi 12 kwa 15, na tofali lina urefu wa inchi 10½ na kimo cha inchi 4. Ukuta wa matofali mpaka juu, futi 8, wataka matofali yapatayo 1,400, nayo ni mifuko 16. Si kila mtu anayeweza. Lakini futi 3 za chini, ambazo ndizo hunyonya maji na kuporomoka kwanza, zataka matofali 525 hivi, yaani mifuko 6. Juu yake weka fito za mathenge na udongo, au mikeka ipitishayo hewa, maana joto la Garissa nalo ni adui. Ukipata fedha baadaye utapandisha. Inua na sakafu futi 2 juu ya ardhi, na choo vile vile, kwa kuwa choo kikifurika kipindupindu hakiko mbali.

Zizi lisikae karibu na mlango. Baada ya mvua kubwa za 1997 na za 2006, homa ya Bonde la Ufa iliua watu na mifugo Garissa, na huchukuliwa na mbu, tena na damu ya mnyama mgonjwa.

Je, shamba litalindwa na nani usiku? Kwa hili akina mama wa Kisomali wana jibu la siku nyingi. Herio yao ya miti iliyopindwa na mikeka hufunguliwa na kupakiwa juu ya ngamia asubuhi moja. Jenga herio mtoni kwa mlinzi, na nyumba ya kudumu juu. Tangazo la mabwawa likisikika redioni, mlinzi afungue mikeka, apakie mashine ya maji juu ya mkokoteni wa punda, na kupanda.

Matofali yafyatuliwe miezi ya Julai hadi Septemba, kabla ya vuli. Upepo wa wakati huo hukausha haraka na kupasua, kwa hiyo yafunikwe kwa mikeka na kunyunyiziwa maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Mashine moja yatosha majirani wengi wakiinunua pamoja na kufyatua kwa zamu.