Miviringo ya Uzi kwa Kumkumbuka Marinke

Katika nyumba nyingi za kwetu mtakuta kitambaa cheupe kilichofumwa kwa kroshe. Kimetandikwa juu ya meza, au kimewekwa juu ya mgongo wa kiti cha wageni, na watoto hawana ruhusa ya kukigusa. Mkimwuliza mwenye nyumba atawaambia: ni kazi ya mama, alijifunza zamani kwa masista. Na kama mama huyo amekwisha kufariki, tazameni jinsi anavyokikunja siku ya kukifua. Hakikunji kama nguo nyingine.

Leo twapenda kuwapasheni habari ya kazi za namna hiyo, lakini zilizofumwa mbali. Mamia ya miviringo ya uzi ilifumwa na watu wa nchi mbalimbali kwa kumkumbuka mwanamke mmoja wa Uholanzi, ambaye wengi wao hawakupata kumwona uso kwa uso hata siku moja.

Mwanamke huyo aliitwa Marinke Slump, ila wafumaji wenzake walimjua zaidi kwa jina la Wink. Alikuwa fundi wa kroshe, tena fundi mkarimu. Alipokwisha kubuni mtindo mpya aliandika hatua zake zote, mzunguko kwa mzunguko, akaziacha wazi ili kila atakaye azifuate bila kulipa. Sifa yake kubwa ilikuwa katika kuchagua rangi. Mwekundu, bluu, manjano na kijani, aliziweka bega kwa bega pasipo kugombana. Kazi aliyoipenda kuliko nyingine ni mviringo wenye miali kama gurudumu, ambao wafumaji huuita mandala.

Jina hilo ni la lugha ya Kisanskriti ya Bara Hindi, na maana yake ni duara. Wahindu na Wabudha wanazo mandala zao katika mambo ya dini. Lakini mfumaji wa kroshe asemapo mandala hana nia hiyo; ataka kusema tu kazi ya mviringo iliyopambwa kwa rangi, iwe kubwa kama sinia au ndogo kama kifuniko cha kikombe.

Akina mama wajuao kazi hii watuvumilie kidogo, maana twataka na wanaume waelewe. Kroshe hufumwa kwa sindano moja tu, yenye kindoano mwishoni. Asiyekuwa na franka za kununulia sindano ya duka aweza kuchonga kijiti kigumu, na wengine hupinda ncha ya spoku ya baisikeli. Fundi huanza na mnyororo wa vitanzi vinne, akaunganisha mwisho na mwanzo, akapata pete ndogo. Ndani ya pete hiyo hufuma mishono mirefu 12. Mzunguko wa pili huwa na mishono 24, wa tatu 36, wa nne 48, na hivi kila mara huongeza 12. Akifuata hesabu hiyo, kazi hulala chini sawasawa kama sahani. Akisahau kuongeza, kingo huinuka, ikawa bakuli. Akiongeza kupita kiasi, kingo hujikunjakunja kama jani la kabichi. Sisi tunaowaandikieni tulijaribu kwa mikono yetu wenyewe, nasi tulidhani kuwa mwalimu wa hesabu hawezi kushindwa na 12. Tulipata kofia ya mtoto mchanga, na watu wa nyumbani mwetu walicheka mpaka machozi.

Basi, turudi kwa Marinke. Huyu fundi wa rangi alikuwa mgonjwa. Ugonjwa wake haukuonekana katika ngozi wala haukupimwa kwa kipimajoto. Ulikuwa ule ambao waganga wa leo huuita sonona: huzuni nzito isiyoondoka, inayomnyima mtu usingizi, hamu ya chakula, na nguvu ya kuinuka kitandani, hata pale ambapo jirani haoni sababu yoyote ya kuhuzunika. Yeye hakuificha. Aliizungumza waziwazi, pamoja na kazi zake, na kwa sababu hiyo wagonjwa wengine walimpenda, kwani waliona kwamba hawako peke yao.

Huko Marekani alikuwako mwandishi aitwaye Kathryn Vercillo, ambaye naye aliwahi kushikwa na ugonjwa huohuo. Katika siku zake mbaya alishika sindano ya kroshe, akafuma mshono baada ya mshono, na polepole akaanza kupata nafuu. Mwaka wa 2012 alitoa kitabu juu ya jambo hilo, na jina la kitabu lilitangaza kwamba kroshe iliokoa maisha yake. Ndani yake aliweka pia habari za wanawake wengine waliopata faraja katika uzi, na mmoja wao alikuwa Marinke.

Mwaka wa 2015 Marinke alifariki. Alikufa kwa kujiua.

Twaandika neno hilo bila kulifunika, kwa sababu waliompenda hawakulifunika. Fikirini jinsi habari ile ilivyowaangukia wenzake. Hapa kuna kitabu kinachoeleza kwamba kroshe imeokoa watu, na mmoja wa wale waliosimuliwa ndani yake, mwenye mikono hodari kuliko wengi, hakuokoka. Mwandishi angeweza kunyamaza na kumsahau mtu ambaye kifo chake kilikitia kitabu chake mashakani. Hakufanya hivyo. Aliwaita wafumaji popote walipo wafume mandala, kwa mitindo ya Marinke au kwa mitindo yao wenyewe, na kumpelekea kwa posta, kwa kumkumbuka mwenzao na kwa kuwafanya watu wazungumze juu ya sonona mchana kweupe.

Masharti yalikuwa machache. Hakuuliza nani ni fundi na nani anajifunza. Basi, vifurushi vilianza kufika, vidogo kwa vikubwa. Pamoja na uzi zilikuja barua: mmoja aliandika juu ya ugonjwa wake mwenyewe, mwingine juu ya ndugu aliyempoteza, mwingine alitaka tu kumshukuru Marinke kwa mtindo aliomfundisha asiyemjua. Kati yao walikuwamo ambao hawakupata kabla ya hapo kumwambia mtu yeyote kwamba wanaugua. Vercillo alikusanya picha na maneno hayo, na mwaka wa 2016 akayatoa katika kitabu kiitwacho Mandalas for Marinke, yaani mandala kwa ajili ya Marinke.

Je, kroshe ni dawa au si dawa? Mwaka wa 2020 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Wollongong katika Australia, Pippa Burns na Rosemary Van Der Meer, walitangaza majibu ya watu 8,391 wafumao kroshe katika nchi nyingi, karibu wote wanawake. Karibu 90 katika kila 100 walisema kazi hiyo huwatuliza, na 82 katika 100 ya kwamba huwafurahisha. Karibu 75 katika 100 walisema huwafanya wajione kuwa watu wa kufaa. Hesabu hizi ni nzuri, lakini tusizitumie vibaya. Waliojibu ni watu waipendao kroshe. Aliyeichoka na kuitupa sindano yake hakuulizwa. Tena kutulia si kupona. Uzi humshika mgonjwa mkono, humpa jambo la kuhesabu wakati mawazo yanapomzunguka, humpa kitu cha kumaliza leo na cha kuanza kesho. Mwenye malaria twamfunika blanketi, naye apata joto. Lakini hatusemi kwamba blanketi limeua malaria. Marinke alikuwa na blanketi nzuri sana. Alihitaji zaidi.

Hapo ndipo habari hii ya mbali inapofika mlangoni petu. Shirika la Afya la Dunia linahesabu zaidi ya watu 700,000 wanaojiua kila mwaka ulimwenguni, na si kweli kwamba jambo hilo ni la Wazungu peke yao. Kwetu linafichwa. Akifa mama mmoja wa kikundi, kwa homa au kwa uzazi, mnajua linalofuata: wenzake wanakuja kwenye kilio na mikeka yao, wanaleta unga na franka za likelemba, wanashona kitenge cha namna moja, wanakesha, wanaimba. Lakini akifa kwa mkono wake mwenyewe, mikeka haitandikwi. Watu hupita mbali na nyumba ile. Jina lake halitajwi tena, na watoto wake hukua wakijua kwamba kuna jambo ambalo hawaruhusiwi kuuliza. Tumeliona hilo katika madarasa: mtoto anayeinamisha kichwa wenzake wanapoandika insha juu ya mama.

Wengine hutetea ukimya huo kwa jina la dini. Ni kweli kwamba Sheria ya Kanisa ya mwaka wa 1917 iliwanyima maziko ya Kanisa wale waliojiua kwa kusudi. Lakini Sheria mpya ya mwaka wa 1983 haina tena katazo hilo. Na Katekisimu iliyotolewa mwaka wa 1992, ingawa yafundisha kwamba kujiua ni kosa zito, yaeleza pia kwamba ugonjwa wa akili, uchungu mkubwa au hofu kali vyaweza kupunguza lawama ya mtu, ya kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake, na ya kwamba Kanisa linawaombea. Basi, asiyetandika mkeka asiseme kwamba Kanisa limemkataza.

Na walio hai? Hao ndio tunaowawazia zaidi. Dada anayekaa gizani siku tatu bila kula haitwi mvivu; mume anayesema kwamba afadhali asingalizaliwa hapaswi kuchekwa, wala kuambiwa kwamba amerogwa. Keti naye. Mwulize waziwazi kama anafikiri kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo, bali humfungulia mlango wa kusema. Usimwache peke yake, nawe umpeleke kwa mganga wa dispensari au wa hospitali ajuaye mambo hayo. Mabruda wa Mapendo, ambao shirika lao lilianzishwa na Padri Petrus Jozef Triest mjini Ghent katika mwaka wa 1807, wanazo nyumba za kuwatunza wagonjwa wa akili hapa Bukavu, na Ndera karibu na Kigali, na Kamenge katika Bujumbura. Kwenda huko si aibu kuliko kwenda kung'olewa jino.

Tumewauliza akina mama kadhaa kama kazi ya mandala ingewezekana kwetu. Mmoja, mwenye umri, aliyefundishwa kroshe alipokuwa msichana mdogo, alitujibu kwamba jambo hilo si jipya hata kidogo. Zamani, alisema, fundi alipokufa na kazi yake haijakwisha, rafiki yake aliichukua akaimalizia. Na aliyejua kutazama aliweza kuonyesha mahali mkono mmoja ulipoishia na mwingine ulipoanzia, maana hakuna watu wawili wakazao uzi sawasawa. Tulimwuliza kama hilo halikuharibu kitambaa. Alitutazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi mzito.

Kwa vikundi vitakavyopenda kujaribu, twaongeza maelezo machache ya kazi. Tumieni uzi wa pamba, wala si wa sufu, maana pamba hustahimili maji ya moto na jua. Na wote wachukue unene mmoja wa uzi na sindano za kipimo kimoja, la sivyo miviringo haitalingana. Ifueni kabla ya kuiunganisha, ili ile itakayopungua ipungue mapema. Mviringo wa sentimeta 12 ni wa kiasi, na mama mwenye mazoea aweza kuumaliza jioni moja, chungu kikiwa motoni. Miviringo 10 kwa upana na 15 kwa urefu ni miviringo 150, nayo yatosha meza ya sentimeta 120 kwa 180. Wafumaji 30 wakitoa mitano mitano, kazi imekwisha. Rangi, kila mtu achague yake. Miviringo huunganishwa kwa minyororo midogo pale inapogusana, na matundu yanayobaki katikati yaachwe wazi.

Kitambaa kikiwa tayari, wapewe watoto wa marehemu, si parokia wala mwenyekiti wa kikundi. Na jina la mama yao lishonwe upande wa chini, pembeni, mahali ambapo mgeni hatalisoma, lakini wao watalipata kwa kidole.