Mulanje si mlima wa mtu mmoja

MVUA zikishakatika kusini mwa Malawi, wapandaji huanza kumiminika Likhubula, chini ya Mlima Mulanje. Wengi huja kwa makundi. Wachache huja peke yao, begi mgongoni, wakiwa na nia ya kutembea siku nne au tano, kutoka kibanda hadi kibanda, bila mwenzao yeyote. Makala haya nawaandikia hao wachache. Nawaandikia pia vijana wa Lilongwe na wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka wanaoziona picha za mlima huo kwenye simu zao na kutamani siku moja wafike.

Niseme mapema ninachoamini: safari hiyo ni njema, na kila mwenye miguu na nafasi aifanye. Ila asiifanye peke yake.

Mulanje haufanani na milima mingi tunayoijua. Kilimanjaro una kilele kinachoonekana toka mbali, na njia zote zinakielekea. Mulanje ni ngome ya mawe iliyojitenga katikati ya mashamba ya chai, yenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 600. Ukishapanda kuta zake unakuta huko juu nyanda za nyasi, misitu ya mabondeni, mito na vilele vingi vilivyotawanyika. Kilele kirefu kuliko vyote ni Sapitwa, mita 3,002. Msitu wake ni wa hifadhi tangu mwaka 1927, na Julai 2025 UNESCO iliuingiza mlima huu kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, kwa sababu wenyeji wanaouzunguka, Walomwe, Wayao na Wamang'anja, wanauheshimu kama makao ya mizimu.

Kutoka Lilongwe safari huchukua kutwa. Basi linapita Dedza na Ntcheu hadi Blantyre, zaidi ya kilomita 300. Pale Limbe unapanda minibasi ya Mulanje, unapita mashamba ya chai ya Thyolo, unashuka njiapanda ya Chitakale. Kipande kilichobaki unamalizia kwa kabaza, yaani baiskeli ya abiria, hadi ofisi ya misitu ya Likhubula. Hapo ndipo unapoandikisha jina, unalipia vibanda, na kukutana na vijana wanaofanya kazi ya kuongoza wageni na kubeba mizigo.

Vibanda vya kulala

Juu ya mlima kuna vibanda kadhaa: Chambe, Lichenya, Chisepo, Thuchila, Chinzama, Minunu, Madzeka na Sombani. Vingi ni vya Idara ya Misitu. Kanisa la Kipresbiteri la CCAP nalo lina chake huko Lichenya. Kutoka kimoja hadi kingine ni mwendo wa saa kadhaa, kwa hiyo mtu anaweza kuuvuka mlima mzima: anapandia Likhubula, analala Chambe, analala Thuchila, analala Sombani, kisha anateremkia upande wa pili, kwenye pengo la Fort Lister linaloutenga Mulanje na mlima mdogo wa Michesi.

Usifikirie hoteli. Umeme hakuna, na duka hakuna. Kuna sakafu ya mbao, meza, mabenchi na meko ya mawe. Mgeni hufika na unga wake, dagaa wa usipa, nyanya na chumvi, akajipikia nsima yake, yaani ugali. Lakini kila kibanda kina mlinzi anayeishi pembeni, na huyu ndiye roho ya mahali. Akimwona mtu anashuka mteremko wa mwisho, tayari anasogeza kuni. Moto unawaka, ndoo ya maji inatengwa, na mbao za mwerezi zinaanza kutoa harufu yake kadiri chumba kinavyopata joto. Nje, usiku wa Juni au Julai, umande wa juu ya nyasi unaweza kuganda ukawa barafu. Mlinzi atakuuliza umetoka wapi na kesho unaelekea wapi. Wageni wengi hudhani ni maongezi tu ya kupitisha jioni. Kumbe mlinzi anapiga hesabu ya nani yuko mlimani, na nani hajafika.

Njia zenyewe ni kazi ya watu. Mwerezi wa Mulanje ndio mti wa taifa wa Malawi, na kwa miaka mingi wapasua mbao waliupasulia huko huko juu, kisha mbao zikateremshwa kichwani mwa wapagazi. Njia ya Skyline ya kupandia Chambe imepata jina lake kutokana na waya zilizokuwa zikishusha mbao hizo bondeni. Mierezi iliyokomaa imekwisha karibu yote kwa misumeno na moto, na leo wanavijiji wa chini ya mlima wanaotesha miche kwenye vitalu na kuipandisha juu kuurudishia mlima miti yake. Kila mwaka wapagazi na wenyeji wengine hushindana kukimbia mlimani, njia ya kilomita kama 25 kutoka Likhubula hadi nyanda za juu na kurudi. Washindi huimaliza kwa zaidi kidogo ya saa mbili. Mgeni mwenye begi huitembea siku mbili.

Wanaoujua Mulanje ni hawa wapagazi na wenyeji. Ramani ni msaada tu.

Chiperone ikishuka

Hatari kubwa ya Mulanje huja bila kishindo. Upande wa Msumbiji kuna mlima uitwao Chiperone, na ukungu wenye manyunyu unaovuma kutoka huko umepewa jina hilo hilo. Huja hasa miezi ya baridi, Mei hadi Agosti, ambayo ndiyo miezi wageni wanayoipenda kwa kuwa haina mvua kubwa. Asubuhi anga ni safi. Saa mbili baadaye huoni kiatu chako. Chiperone inaweza kukaa siku kadhaa bila kuondoka, na mwamba uliokuwa mkavu unageuka utelezi mtupu.

Sapitwa ndipo ukungu huo unapoumiza zaidi. Kutoka kibanda cha Chisepo unapanda saa tatu hivi, kwanza kwenye miamba mipana iliyolala mshazari, halafu katikati ya mawe makubwa kama nyumba. Unapita chini ya jiwe, unajipenyeza kati ya mawili, unashika mizizi. Alama za rangi nyekundu zilizopakwa kwenye mwamba ndizo zinazokuonyesha njia. Zikishapotea kwenye ukungu, kila mwanya unafanana na mwenzake.

Mwaka 2003 mwanamke kijana kutoka Uholanzi aliondoka Chisepo peke yake kwenda Sapitwa. Hakurudi, na licha ya kutafutwa sana hajaonekana mpaka leo. Julai 2009 ikawa zamu ya Gabriel Buchmann, Mbrazili aliyekuwa katika safari ndefu barani Afrika na ambaye tayari alikuwa amepanda Kilimanjaro. Alimrudisha mwongozaji wake, akaendelea peke yake akiwa na mavazi mepesi. Mwili wake ulipatikana karibu wiki tatu baadaye. Baridi ndiyo iliyomuua. Mwongozaji filamu Fellipe Barbosa, rafiki yake, alitengeneza filamu iliyotoka mwaka 2017, na Wakenya, Watanzania, Wazambia na Wamalawi waliokutana na Gabriel njiani waliigiza nafasi zao wenyewe.

Hawa hawakuwa watu dhaifu wala wazembe. Walikuwa na nguvu na mazoea ya safari. Walichokosa ni mtu wa pili: wa kusema tugeuke, wa kukimbilia kibandani kuita msaada, wa kugawana naye joto usiku. Tanzania haimruhusu mtu kupanda Kilimanjaro bila mwongozaji, na wapo wanaonung'unika kwamba sheria hiyo inawanyima uhuru. Nikiangalia yaliyotokea Mulanje, nadhani sheria hiyo imeokoa maisha ya wengi wasiojua kama waliokolewa.

Wanaojua kutembea

Nilipoanza kufikiria safari za miguu, mawazo yangu yalikwenda Dzaleka kabla ya kwenda Mulanje. Kambi hii iko wilaya ya Dowa, zaidi ya kilomita 40 kutoka Lilongwe. Zamani ilikuwa gereza la kisiasa la utawala wa Rais Kamuzu Banda. Tangu mwaka 1994 ni kambi ya wakimbizi. Ilipangwa kuchukua watu kama 10,000 hadi 12,000, na leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Ukipita sokoni, Kiswahili ndicho kinachouza na kununua.

Wazee wa Fizi, Uvira na Itombwe, mashariki mwa Kongo, wanaoishi humo wameijua milima usiku, watoto mgongoni. Waliovuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, wakapita Tanzania, wakavuka mto Songwe hadi Karonga, wanayo elimu ya njiani ambayo hakuna kitabu kinachoifundisha. Na ukiwasikiliza, jambo moja linajirudia: hakuna aliyependa kutembea peke yake. Watu walisubiriana. Aliyechoka alipokewa mzigo. Aliyebaki nyuma alitumiwa mtu. Anayetembea kwa kupenda ana mengi ya kujifunza kwa waliotembea kwa kulazimika.

Ni uchungu basi kwamba wengi wa watu hawa hawawezi kwenda Mulanje hata wakipata nauli. Mkimbizi anahitaji kibali cha kutoka nje ya kambi, na tangu agizo la Machi 2023 lililowarudisha kambini waliokuwa wakiishi mijini, vibali na ukaguzi vimekuwa jambo zito zaidi. Kwa upande mwingine, tangu mwaka 2014 Tamasha la Tumaini limekuwa likiwaleta Wamalawi na wageni kwa maelfu ndani ya Dzaleka kusikiliza muziki, na baadhi yao hulala kwenye nyumba za wakimbizi. Wenyeji wa kambi wameshaonyesha kwamba wanajua kumpokea mgeni. Shule na vikundi vya vijana vya Dzaleka navyo vinastahili kuombewa kibali cha siku chache na kupelekwa kuuona mlima mkubwa wa nchi walimozaliwa baadhi yao. Anayesimamia vibali aone kwamba kijana akirudi kutoka Sapitwa, nchi haijapungukiwa na kitu.

Kwa mwenye nafasi ya kwenda, anza na milima ya karibu. Nkhoma, mita 1,784, uko mwendo mfupi kutoka Lilongwe na utakupima mapafu kwa siku moja. Ukifika Likhubula, ajiri mwongozaji wa pale pale na umlipe vizuri, maana ndiyo kazi inayolisha nyumba yake. Beba koti la mvua, sweta la sufu na chakula cha siku moja ya ziada. Andika jina lako kwenye daftari la kila kibanda, na mwambie mlinzi unakokwenda kulala. Mto ukijaa, usiuvuke. Mwaka 1949 ofisa kijana wa misitu alisombwa na mto Ruo akijaribu kuuvuka katika safari aliyofanya na mwandishi Laurens van der Post. Na chiperone ikishuka, kaa kibandani mpaka iondoke. Sapitwa itakuwepo wiki ijayo na mwaka ujao, na mlinzi wa Chisepo atafurahi zaidi kukupokea mara ya pili kuliko kutoka na taa usiku kukutafuta.