Mtoto wa Jicho: Subira Isiwe Sababu ya Kumwacha Mzazi Gizani

MZEE aliyezoea kuwahi Swala ya Alfajiri huanza kwa kuchelewa. Baadaye huonekana Adhuhuri na Alasiri tu, akishikwa mkono na mjukuu. Mwisho haonekani kabisa, na waumini wakiuliza habari zake huambiwa kwamba macho yamekwisha, ni uzee, tumuombee subira. Mambo haya hutokea Janga na vijiji vinavyoizunguka Mlandizi, hutokea Kisarawe, na mijini pia hutokea. Familia huridhika na jibu hilo, mzee mwenyewe huridhika nalo, na mjukuu aliyefanywa fimbo ya babu yake hukosa masomo bila ya mtu kuuliza.

Ndugu Waislamu, makala ya leo ina swali moja. Je, giza lile lilikuwa kadari isiyo na dawa, au ni maradhi yanayotibika ambayo sisi tuliyakalia kimya?

Maradhi yenyewe

Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, mna lenzi mfano wa kioo safi inayopitisha mwanga. Umri unapoendelea, lenzi hiyo huweza kuingia ukungu pole pole mpaka mwanga ukashindwa kupita. Huo ndio mtoto wa jicho, na ndio sababu kubwa kuliko zote ya upofu duniani. Kwa kawaida hauumi, na kwa hiyo haumhimizi mtu kutafuta tiba. Hakuna matone, mitishamba wala asali inayoondoa ukungu huo, na baadhi ya vitu tunavyotia machoni huliharibu jicho lililokuwa likitibika. Tiba yake ni upasuaji. Daktari hulitia jicho ganzi, huitoa lenzi iliyochafuka na kuweka ya bandia mahali pake. Kazi hiyo mara nyingi haizidi nusu saa, na wagonjwa wengi hurejea nyumbani siku ile ile au siku ya pili.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2019, lilieleza kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 wana upungufu wa kuona, na kwamba kwa watu wasiopungua bilioni 1 miongoni mwao, upungufu huo ungeweza kuzuiwa au ulikuwa bado haujapatiwa tiba.

Kungoja kuna hatari

Wako wanaosema mtoto wa jicho aachwe kwanza akomae. Kauli hiyo ilikuwa na nafasi yake zamani, lakini upasuaji wa leo haungoji mtu awe kipofu. Tena si kila giza ni mtoto wa jicho. Iko glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho. Hii huua mshipa wa fahamu wa jicho, nayo kwa kawaida huanza pembeni, hata mtu akawa anagonga mihimili ya mlango ilhali uso wa aliye mbele yake anauona vyema. Kilichopotea kwa glakoma hakirudi. Tiba hulinda kilichobaki tu. Ndugu wa mgonjwa wa glakoma wamo katika hatari zaidi, nao wanapaswa kupimwa. Mwenye kisukari naye apimwe ndani ya jicho kila mwaka, hata kama anaona vizuri. Basi familia inayongoja "mtoto akomae" bila ya kipimo huenda inaingoja glakoma imalize kazi yake.

Wakati mwingine dawa ni nyepesi kuliko tunavyodhani. Mtu aliyepita miaka 40 akaacha kusoma msahafu kwa kuwa herufi zimekuwa ndogo, huenda anahitaji miwani ya kusomea tu.

Hoja ya uzee na hoja ya subira

Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, mabedui walimuuliza Mtume (SAW) kuhusu kujitibu, naye akawaamrisha wajitibu, akibainisha kuwa Allah (SW) hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Huenda mtu akasema: mtoto wa jicho ni uzee, basi umo katika lile lililovuliwa. Hoja hiyo haisimami. Uzee wenyewe hauna dawa, hakuna anayerudishwa ujanani. Lakini maradhi yanayomjia mtu katika uzee wake ni maradhi kama mengine. Mzee akivunjika mguu hatumwambii kwamba ni uzee.

Ama subira, Mtume (SAW) amebashiri Pepo kwa mja aliyeondokewa na macho yake mawili akasubiri. Bishara hiyo ni faraja ya aliyepofuka. Haikuja kuwa udhuru wa mtoto mwenye uwezo anayemwona mzazi wake akipapasa ukuta.

Kisa cha Ibn Abbas

Imepokewa kwamba Swahaba Abdullah bin Abbas (RA), aliyepofuka mwishoni mwa uhai wake, yaliposhuka maji machoni mwake, kama Waarabu walivyouita mtoto wa jicho, aliambiwa kuwa atatibiwa kwa sharti alale chali siku kadhaa na aswali hali amelala. Akawauliza baadhi ya Masahaba, hawakuliridhia, naye akaiacha tiba. Wanachuoni wamejadili usahihi wa njia za habari hii, lakini mafakihi waliichukua mas'ala yenyewe wakaichambua. Imam Malik hakuruhusu. Wanachuoni wa Kihanafi na wa Kihambali waliruhusu, na Imam An-Nawawi katika Al-Majmuu ameipa nguvu kauli ya kuruhusu katika madhehebu ya Shafii, pindi tabibu mwaminifu anapoeleza kuwa tiba inahitaji hivyo.

Tuzingatie kwamba mvutano wao ulikuwa juu ya kuacha kusimama katika Swala kwa siku kadhaa. Haukuwa juu ya iwapo jicho linafaa kutibiwa. Na hiyo ilikuwa zama ambazo tabibu alitumia sindano kuisukuma lenzi kando ya njia ya mwanga. Leo mgonjwa hutoka chumbani kwa miguu yake. Daktari akimkataza kuinama kwa siku chache, ataashiria rukuu na sijida. Akikatazwa maji kufika jichoni, ataosha panapoosheka, na kwa palipobaki atamuuliza mwanachuoni wake. Ama matone katika Ramadhani, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, liliamua kwamba hayafunguzi, maadamu mfungaji atajizuia kumeza kinachofika kooni.

Njia ya kliniki

Mkazi wa Janga anaweza kuanzia kituo cha afya Mlandizi, kisha akafuata Barabara ya Morogoro hadi Tumbi, Kibaha, iliko hospitali ya rufaa ya Mkoa wa Pwani. Yanayohitaji ujuzi zaidi hupelekwa Dar es Salaam, iliko Muhimbili na iliko hospitali ya CCBRT, ya shirika lililoanzishwa mwaka 1994, ambalo matibabu ya macho ni miongoni mwa kazi zake kubwa. Ulizeni kwanza siku ya kliniki ya macho, msije mkapoteza nauli. Mgonjwa atasoma ubao wa herufi au wa alama kwa asiyejua kusoma, atapimwa presha ya macho, na pengine atatiwa matone ya kupanua mboni. Matone hayo humfanya aone ukungu kwa saa kadhaa, hivyo asiende peke yake. Mwenye kushindwa gharama aulize ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kukata tamaa.

Bibi zetu ndio wanaosahauliwa zaidi, kwa kuwa nauli na uamuzi mara nyingi vimo mikononi mwa wengine. Watoto wao tunajua kuchangishana. Mzee akifariki, simu hupigwa hadi kwa ndugu walio mbali, na ndani ya siku mbili hupatikana mchele, ng'ombe na turubai la hitima. Fedha hiyo, au sehemu yake tu, ingemfikisha Tumbi akiwa hai.

Basi leo baada ya Swala ya Ijumaa, kila mmoja wetu akirudi nyumbani amketishe mzazi wake mlangoni, amfunike jicho moja kisha la pili, amuulize anaona nini. Akisitasita, ipangwe siku ya safari, na ajulikane nani atamsindikiza. Tunamuomba Allah (SW) awape wazee wetu afya, na asitujaalie kuwa miongoni mwa wanaowakumbuka wazazi wao kaburini tu. Amin.