SOMO LA LEO: KOSA LILILOJIFICHA

Chukueni daftari na kalamu, mkae karibu na redio.

Programu ya kompyuta imefanya kazi miaka mingi bila taabu. Kisha kompyuta inawekewa mfumo endeshi mpya, na programu ileile inaanza kuharibika. Watu husema, “Mfumo mpya ni mbovu.” Je, ni kweli? Tutazame.

Tuseme hapa Uyui pana ghala la asali. Daftari ni moja, nalo lasema: ndoo 10. Makarani ni wawili, kila mmoja na mlango wake. Karani wa kwanza amepokea ndoo moja, anasoma 10. Kabla hajaandika, wa pili naye amepokea ndoo moja; anasoma 10. Wa kwanza anaandika 11. Wa pili naye anaandika 11. Ghalani mna ndoo 12, daftari lasema 11. Wala hakuna mwizi.

Ndani ya programu nyingi mna makarani kama hao. Mafundi huwaita nyuzi. Mfumo endeshi ndio msimamizi wao: huyu aendelee, yule angoje. Pengine msimamizi wa zamani alimwacha mmoja amalize ndipo amwite mwingine. Msimamizi mpya anabadili zamu kwa namna nyingine. Basi kosa lilikuwamo tangu zamani, sasa limeonekana.

Kosa la namna hii limepata kuua watu. Therac-25 ilikuwa mashine ya Kanada ya kutibu saratani kwa mionzi. Kati ya 1985 na 1987 wagonjwa 6 walipigwa mionzi kupita kiasi, na baadhi yao wakafa. Kosa moja la programu yake lilikuwamo pia katika mashine ya zamani, Therac-20. Lakini ile ya zamani ilikuwa na vizuizi vya umeme; mambo yakienda vibaya, fyuzi iliungua tu. Katika mashine mpya vizuizi hivyo viliondolewa.

Kosa liligunduliwaje? Mwaka 1986, katika mji wa Tyler, Texas, mtaalamu wa hospitali, Fritz Hager, aliketi na mwendeshaji wa mashine. Mwendeshaji alikumbuka vitufe alivyobonyeza. Wakarudia, wakarudia, mpaka kosa likatokea. Siri ilikuwa haraka: mtu akisahihisha maandishi upesi, kazi mbili za programu zilipishana vibaya. Mhandisi wa kiwanda alijaribu akashindwa kuliona, mpaka alipoambiwa abonyeze upesi.

Nawe fanya vivyo hivyo. Andika nani alifanya nini kwanza, na nani alifuata. Rudia mara nyingi, kwa mwendo uleule. Ukiiambia programu iandike kila hatua yake, huenda ikapunguza mwendo, na kosa likatoweka. Usidhani limepona! Hapo ndipo wengi hudanganyika. Kurudisha mfumo wa zamani nako ni kulificha tena.

Dawa yake ni kufuli. Anayeshika daftari asome, aongeze, aandike, ndipo alitoe kwa mwenzake. Kufunga wakati wa kuandika tu hakutoshi, maana kosa lilianza wakati wa kusoma.

Sasa andikeni jibu: makarani wakiwa watatu, wote wamesoma 10, na kila mmoja amepokea ndoo moja, daftari litasema ngapi, na ghalani mtakuwa na ngapi?