Mtoe Mbwa Nyuma ya Kibao cha "Mbwa Kali"

Ukipita katika mitaa ya Nairobi, iwe ni Buruburu au Lavington, kuna maneno mawili utakayoyasoma langoni mara nyingi kuliko jina la mwenye nyumba: "Mbwa Kali". Ndani ya lango hilo aghalabu yumo mnyama aliyefungwa mnyororo tangu macheo hadi machweo, ambaye ulimwengu wake wote ni hatua nne kwenda mbele na hatua nne kurudi nyuma. Tunamwita mlinzi. Lakini tukimtazama vizuri tutaona kwamba amekuwa mfungwa, na kwamba ukali tunaojivunia mara nyingi ni woga na uchovu wa kufungwa.

Mbwa ameumbwa kutembea na kunusa. Pua yake ndiyo macho yake, na saa moja ya kunusa njia ya msituni humchosha na kumtuliza kuliko siku nzima ya kubweka getini. Mbwa aliyezoea watu wengi tangu udogoni hujifunza pia kupambanua mgeni na mwizi, jambo ambalo yule wa mnyororo hawezi kulijua, maana kwake kila kipitacho ni adui. Kwa hiyo mwenye kufuga mbwa kwa ajili ya ulinzi hapotezi kitu akimtoa nje. Anachopata ni mlinzi mwenye akili, na yeye mwenyewe ananyoosha miguu iliyokaa chini ya meza ya ofisi au kusimama kwenye mashine juma zima.

Mahali penyewe pako karibu. Msitu wa Karura, kaskazini mwa jiji, kati ya Muthaiga, Gigiri na Runda, una hekta 1,000 na zaidi, na njia zake za miguu zikiunganishwa zapita kilomita 50. Njia hizo ni za upole: udongo mwekundu ulioshindiliwa, miteremko mifupi, madaraja ya mbao juu ya vijito. Mama mwenye mtoto mgongoni aweza kuzipita, na babu mwenye bakora vilevile. Yapo maporomoko ya maji, yapo mapango yanayosemekana kuwaficha wapiganaji wa Mau Mau, na kuna bwawa dogo lenye mayungiyungi, ambalo huitwa Lily Lake, ambapo familia huketi kupumzika. Mbwa wanaruhusiwa kuingia, kwa sharti kwamba wawe wamefungwa kamba. Kiingilio hulipwa, nacho hubadilika mara kwa mara, basi ulizia kabla ya kuondoka nyumbani. Yafaa kusema pia kwamba makondakta wengi wa matatu hukataa kumbeba mbwa, hivyo asiye na gari wala rafiki mwenye gari atafika kwa urahisi ikiwa tu anaishi mwendo wa miguu kutoka hapo. Hilo ni pungufu, wala si dogo.

Ni vema ukumbuke unakanyaga ardhi gani. Karura ulitangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932, lakini katika miaka ya 1990 sehemu zake zilikatwa vipande na kugawiwa watu binafsi ili wajenge majumba. Tarehe 8 Januari 1999 Profesa Wangari Maathai alifika langoni na wenzake kupanda mti, wakashambuliwa na walinzi, naye akajeruhiwa kichwani. Majumba hayakujengwa. Hata baada ya hapo watu wengi waliuogopa msitu huo kwa sababu ya majambazi, na ni tangu mwaka 2009, wakati wananchi waliojiunga katika chama cha Friends of Karura Forest walipoanza kuutunza pamoja na Shirika la Huduma za Misitu, ndipo ua ulipowekwa, walinzi wakaongezeka na familia zikarudi. Miti ya asili kama muhugu, ambao wachonga vinyago waliupenda hata ukawa adimu, inapandwa tena mahali palipojaa mikalitusi.

Sasa tuje kwenye kamba, kwa maana hapa ndipo wafugaji wengi hukasirika. "Mbwa wangu ni mpole," husema mwenye mbwa, "hamgusi mtu." Huenda ni kweli. Lakini msitu una wenyewe. Yumo paa mdogo aitwaye suni, ambaye uzito wake ni kilo tano hivi, naye hujilaza kimya kichakani mpaka umkaribie kabisa, kisha hufyatuka mbio. Hakuna mbwa, hata awe mpole namna gani, ambaye damu yake haitachemka akiona kitu kinakimbia mbele yake. Wamo pia funo, pongo, kima, na mbega waliorudishwa humo baada ya miaka mingi ya kutokuwapo. Kumfungulia mbwa ni kuwafukuza hao kutoka katika kipande kidogo cha ardhi walichobakiziwa na jiji.

Tena wamo wanadamu. Wako watoto waliowahi kung'atwa, ambao wakiona mbwa hulia au hukimbia, na kukimbia ndiko kunakomwita mbwa. Wako ndugu zetu Waislamu ambao wengi wao, kwa mafundisho ya madhehebu ya Shafi waliyoyarithi, hulazimika kuosha mara saba, na mara mojawapo kwa udongo, kitu kilichopatwa na mate ya mbwa. Mtu huyo akisogea pembeni ya njia asionekane kuwa ana chuki. Fupisha kamba, simama ukingoni, mpishe apite, msalimu. Njia ni pana ya kuwatosha nyote.

Lakini jambo kubwa kuliko yote halipo msituni, liko nyumbani kabla hujatoka. Kichaa cha mbwa kiligunduliwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1912, kwa mbwa mmoja pembezoni mwa Nairobi, na mpaka leo hakijaondoka. Hukisiwa kwamba ulimwenguni huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na wengi wao ni watoto wa Afrika na Asia. Dalili zikishaonekana kwa mwanadamu, karibu hakuna anayepona. Hata hivyo ni ugonjwa unaozuilika kabisa: chanjo ya kwanza mbwa akiwa na umri wa miezi mitatu, kisha kila mwaka bila kukosa. Serikali ilijiwekea mwaka 2014 mpango wa kukomesha vifo vya wanadamu ifikapo 2030, na mpango huo hauwezi kutimia ikiwa mimi na wewe twafuga mbwa asiye na cheti. Kamwe usimtoe mbwa ambaye hajachanjwa. Na ikitokea mtu ameng'atwa, iwe na mbwa wako au wa mwingine, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo akaanzishiwe sindano. Kupaka pilipili, mafuta ya taa au dawa ya miti ni kupoteza muda ambao hautarudi.

Chanjo za mbwa huwalinda hata wanyama wa mwitu. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliingia Serengeti, na takriban simba 1,000, theluthi moja ya simba wote wa huko, walikufa. Mbwa wa vijiji vya kandokando ndio waliotuhumiwa kuueneza. Karura hakuna simba, lakini wamo kanu na fungo, na ugonjwa haujali lango.

Siku ya kwenda, ondoka mapema. Mbwa hatoi jasho kama sisi. Hupoza mwili wake kwa kuhema na ulimi nje, na jua la saa sita laweza kumwangusha, hasa mnene, mzee, au mwenye pua bapa. Chukua maji yake na kibakuli, wala usimwache anywe ovyo katika vijito, kwa kuwa vingi vyapita mitaani kabla ya kufika msituni. Chupa za plastiki za kutumika mara moja ziache nyumbani, maana zilipigwa marufuku katika misitu na mbuga tangu tarehe 5 Juni 2020. Na kinyesi? Kizolewe, kiondolewe. Mifuko ya plastiki nayo haipo tangu Agosti 2017, lakini karatasi nzito yatosha. Hata gazeti hili, ukishalisoma lote, mwandishi hatanung'unika.

Wakati wa mvua tazama chini. Siafu huvuka njia kwa safu, na mbwa akiwakanyaga watampanda miguuni hadi tumboni kabla hujajua kwa nini anaruka. Mtoe mbio mahali hapo, kisha uwachomoe mmoja mmoja kwa vidole.

Kama ni mara ya kwanza kwa mbwa wako, usimpe kilomita kumi. Mbwa wa mnyororo ana nyayo laini na misuli iliyolegea. Nusu saa yatosha Jumapili ya kwanza, na wiki kati kati mzungushe mtaani alfajiri, ili azoee kamba na kelele. Atavuta, atabweka, atakuaibisha. Simama kila anapovuta, songa anapolegeza. Katika majuma machache ataelewa, hasa ikiwa mtu yule yule ndiye amshikaye. Mtoto mdogo asipewe kamba peke yake.

Mkirudi nyumbani, kabla hujakaa kunywa chai, mpapase mbwa mwili mzima: ndani ya masikio, kwapani, katikati ya vidole. Kupe mshike karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumpinda, umtumbukize katika spiriti. Usimchome kwa kiberiti, wala usimpake mafuta. Na siku zinazofuata, ukimwona mbwa amekataa chakula, fizi zimepauka, au mkojo umekuwa mwekundu kama chai ya rangi, hiyo ni homa ya kupe, na haingoji mwisho wa mwezi. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo.