Papa kwenye barabara: ile picha inatoka wapi?

Ndugu msikilizaji, pengine umekwisha kuiona kwenye simu: barabara imejaa maji, na pembeni ya gari kunaogelea papa. Hapana papa wa nyumbani! Ni ule samaki mkubwa wa bahari wenye meno makali, wanaita requin.

Mwaka 2011, wakati wa kimbunga Irene, watu walisema ni Puerto Rico. Mwaka 2017 ikarudi, sasa ni Houston, kule Marekani. Kumbe samaki ni yule yule. Walimkata kwenye picha ya Thomas Peschak, iliyotoka gazetini mwaka 2005, inayomuonyesha akifuata mtumbwi mdogo katika bahari ya Afrika Kusini.

Lakini mwaka 2022, mafuriko yalipoingia Fort Myers, Florida, ikatoka video ya samaki anayefanana na papa kati ya manyumba. Wengi wakacheka: uongo ule ule! Waandishi wa habari wakaichunguza, wakakuta ni ya kweli.

Basi, ajabu peke yake haitoshi kusema ni kweli ao ni uongo. Uliza: nani alipiga, wapi, lini? Google Lens inaweza kukuonyesha kama picha ilikwisha kutoka zamani.

Samaki anachekesha tu. Lakini hapa Goma, wenye waliona Nyiragongo mwezi wa tano 2021 wanajua: picha ya zamani ya moto, ukiituma leo usiku, mama anabeba watoto na kukimbia. Mbele ya kutuma, uliza kwanza.